Mchumba wa Maneno ya Kizamani

Kuna Jumapili moja ya hapa Anderlecht, Ubelgiji, ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu. Nje manyunyu, dirisha limeota ukungu, na mimi nimejibanza jikoni natega sikio, maana msichana haingii sebuleni kunapozungumzwa posa yake.

Aliyeniposa alikuwa Saidi, kijana wa Bujumbura, anapakia mizigo ghalani. Alikuwa akijifunza Kiingereza kwa kamusi kuukuu aliyoinunua mnadani, imejaa maneno ambayo Waingereza wenyewe wameshayasahau. Jioni tukitembea kando ya mfereji ananipa moja moja. Gloaming, ule mwanga unaobaki jua likishazama. Overmorrow, keshokutwa. Yaani Waingereza walikuwa na keshokutwa yao wakaitupa, masikini! Nilikuwa nalala nayo, naamka nayo. Wallahi nilikuwa naelea tu.

Sasa kwetu Tanga mchumba hajisemei, husema mshenga. Lakini Saidi hakuwa na mzee hata mmoja mji huu, akaja peke yake na koti la kuazima. Shangazi ndiye aliyenilea, na akisema hapana ni hapana. Akamuuliza, "Baba, mwanangu utaishi naye vipi?"

Saidi akakohoa. "Maman, kuna neno la Kiingereza cha zamani, uxorious. Ni mume mwenye kumupenda bibi yake kupita kiasi. Mimi nitakuwa huyo."

Huko jikoni nikayeyuka. Shangazi wala!

"Neno zuri," akasema. "Ila nimekuuliza wewe, sijaiuliza kamusi."

Nikajua nimeshamkosa. Nilimchukia shangazi saa ile, jamani, nilimchukia kweli.

Kisha nikasikia sauti ya Saidi, ya chini. "Bon. Maman, niko naogopa. Vita ilimaliza watu wetu, sina hata muzee wa kunisemea. Sijui nitaishi naye namna gani. Lakini akigonjwa, sitaondoka."

"Haya," akasema shangazi polepole. "Huyu sasa ndiye aliyekuja kuposa." Akaniita nilete chai, nikajua posa imekubaliwa.

Alipoondoka, shangazi akanishika mkono. "Na wewe, muda wote huu unatembea naye, hukuwahi kumuuliza watu wake wako wapi?"

Nilijua maneno yake yote, lakini kwamba alifiwa nilisikia siku ile ile, kupitia ukuta.

Basi mwanangu, sikukatazi maneno matamu, mimi mwenyewe nayapenda mpaka kesho. Lakini kabla hujampa mtu maisha yako, muulize kinachomnyima usingizi, umsikilize mpaka amalize. Na wewe umwambie chako, usikipambe. Mungu akujalie mtu ambaye mbele yake huoni haya kusema unaogopa, akuzeeshe naye kwa amani. Amina.