Kanyaga, Shika

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu gereji mjini Homa Bay kubadilishiwa mafuta ya breki. Fundi alipoinama kwenye gurudumu, mimi, bila kuambiwa, niliingia kwenye kiti cha dereva, nikavua viatu, nikaweka miguu yote miwili juu ya breki. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia.

"Madam, shuka tu. Siku hizi mashine inavuta hewa ya breki yenyewe."

Nikashuka nikicheka. Angejuaje kwamba nilikuwa nimerudi Rusinga, nyumbani kwa bibi, nikiwa na miaka tisa?

Sijui kama kwenu kulikuwa na kitu kama pikapu yetu. Rangi yake ya samawati ilikuwa imepauka, mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na viti vilinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Babu alituachia alipofariki, na bibi ndiye aliyeiendesha, kitambaa kichwani, akiwapigia honi hata kuku. Babu alikuwa ameahidi kwamba msichana wa kwanza wa boma letu kwenda shule ya bweni atapelekwa na pikapu hiyo. Sasa dada yangu alikuwa ameitwa shule ya Asumbi. Sanduku lake la bati lilikuwa limeshaandikwa jina kwa rangi nyeupe, na ilibaki wiki moja.

Wiki hiyo ndiyo baba mdogo aliyochagua kutusaidia. Alikuwa fundi wa injini za boti, na mzuri kweli. Aliona mafuta ya breki yamepungua, akajaza kwa mafuta ya injini ya boti. "Mafuta ni mafuta," alisema. Siku ya tatu magurudumu yalikaza, pikapu ikagoma katikati ya boma kama ng'ombe aliyekataa josho. Alipoyafungua tukaona: zile raba ndogo ndani ya breki zilikuwa zimevimba. Bibi hakugombana. Alisema tu, "Huyu mtoto haendi Asumbi kwa gari la watu." Kesho yake tulikuwa Migori kutafuta raba mpya.

Mwenye duka la spea alikuwa mzee Mwislamu aliyehamia kutoka Isiolo. Duka lake lilinuka udi na grisi. Baba mdogo aliweka raba moja kwenye kaunta ili tupewe za saizi hiyo. Mzee akainusa, akakunja uso.

"Nani amenywesha breki mafuta ya injini?"

Bibi alimwonyesha baba mdogo kwa midomo.

"Sasa mama, hii imenenepa kama bwana harusi. Nitajuaje ilikuwa saizi gani kabla ya pilau?"

Baba mdogo alitazama viatu vyake. Mimi machozi yalinikaribia, kwa maana tulikuwa tumemwacha dada akipanga na kupangua sanduku lake. Ndipo bibi alipoingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa chenye fundo, akafungua. Ndani kulikuwa na kile chuma kifupi cha duara kinachovikwa raba, kimepanguswa kikang'aa.

"Chuma hakinenepi," alisema. "Nilikibeba kwa sababu namjua huyu."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamteleza. Alishusha makopo ya zamani, akakivisha chuma raba moja baada ya nyingine; hii ikalegea, ile ikabana, hadi moja ikakaa sawasawa. Akatuhesabia za magurudumu yote, pamoja na za pampu ya breki, kisha akamgeukia baba mdogo. "Osha mabomba yote kwa spiriti. Na mafuta ya boti waachie samaki."

Tuliporudi na raba zikafungwa, kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa mwepesi, kwa hiyo nilisimama wima juu ya breki, nimeng'ang'ania usukani, huku baba mdogo akilala chini na spana.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shika!"

"Nimeshika!"

Dada aliongeza mafuta, mapya na ya breki kweli. Mara za kwanza miguu ilizama kama kwenye matope ya ziwa. Harufu ya samaki wa kukaanga ilipotufikia kutoka jikoni, breki ikawa ngumu kama sakafu, nikapiga kelele.

Bibi akaja na funguo. "Nani alitia mafuta ya boti?"

"Mimi, mama."

"Basi kasimame pale langoni."

"Mama! Mimi ndiye kitinda mimba wako!"

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza kama umefunga vizuri."

Akaenda, akasimama, akafumba macho. Pikapu ikamjia kwa mbio za mbuzi, kisha ikanasa papo hapo mavumbini, shubiri moja kutoka magotini pake. Dada akapiga vigelegele. Bibi akapiga honi mpaka majirani wakatoka wakidhani kuna arusi.

Jumatatu tulikwenda Asumbi. Mimi na baba mdogo tulikuwa nyuma, juu ya godoro, na kila mteremko alipiga paa kwa kiganja: "Kanyaga!" Bibi na dada wakajibu kutoka mbele: "Shika!"

Bibi sasa amelala kando ya babu. Duka la mzee linauza simu, na katika kiti cha pikapu kuku hutaga mayai. Yule fundi wa Homa Bay alimaliza upesi, peke yake, bila kumwita mtu. Kwenye mteremko wa kwanza nilikanyaga breki. Ilikuwa ngumu, kazi safi.

"Nimeshika," nikasema kwa sauti, nikasubiri kidogo, kisha nikaachilia.