Wa Mwisho ni Nani?

Kuna watu wanaoingia penye watu kichwa mbele kama ng'ombe anayerudi zizini, hata hodi hawana. Karani hakuwa mmoja wao, na hilo ndilo lililomponza.

Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya dirisha la posta akigonga mihuri na kupima vifurushi, na hata alipostaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Karani. Enzi hizo pale posta hapakuwa na haja ya kusimama foleni. Mtu aliingia, akasalimu, akauliza, "Wa mwisho ni nani?" Mmoja akainua mkono, basi, umeshajua unamfuata nani, unakaa zako kwenye benchi hata ukitaka kusinzia. Zamu yako hailiwi na mtu. Karani aliwaona wajawazito wakipishwa, viziwi wakiguswa bega kuambiwa wamefikiwa, na wakubwa wenye suti zao wakisubiri nyuma ya wauza mkaa. Akaamini dunia imeumbwa hivyo. Masikini, hakujua kwamba ni watu tu walikuwa wameamua.

Mwaka huu mkewe alianza kumimina chai nje ya kikombe. Mwanzoni walitaniana. Karani alisema ananyimwa chai kwa ujanja, mkewe akajibu kwamba mwenye kunung'unika amimine mwenyewe. Utani uliisha siku mama wa watu alipojigonga uso kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Zahanati wakasema ni presha ya macho, isicheleweshwe, aende hospitali kubwa. Daktari wa macho alikuja huko mara moja kwa mwezi, na kadi za kumwona zilikuwa thelathini, haiongezwi hata moja.

Mwezi wa kwanza walifika asubuhi na mapema. Karani alivua kofia mlangoni mwa ukumbi.

"Hamjambo wote? Samahani, wa mwisho ni nani?"

Vichwa vyote vilikuwa vimeinamia simu. Akarudia. Bwana mmoja mwenye koti la ngozi akamjibu bila kuinua macho, "Kaa tu, mzee, tutaitwa."

Wakakaa. Mlango wa kadi ulipofunguliwa, ukumbi mzima uliuvamia kwa mpigo mmoja, na yule wa koti akamkanyaga mke wa Karani mguu wala asigeuke. Karani alibaki ameshika mkono wa mkewe akisema, "Jamani, jamani," kwa sauti ile ile ya dirishani posta. Kadi zikaisha.

Mwezi wa pili walifika jua halijachomoza, wakakuta watu ishirini na watano mbele yao. Nafasi ya kutosha kabisa. Kisha akaja mwanamke aliyebeba mtoto anayelia, na Karani akampisha. Wewe usingempisha? Akapita bila hata asante, na nyuma yake wakapita dada zake wawili na shemeji. Mwingine akasema ana swali dogo tu kwa muuguzi. Akaenda na swali lake, akarudi na kadi. Ilikuwa ya thelathini.

"Si mlikuwa mnapishana wenyewe?" muuguzi wa kadi aliwaambia walipolalamika. "Hapa si harusini."

Njiani kurudi nyumbani mkewe hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alisema tu kwamba upande wa kushoto sasa haoni kitu. Usiku ule Karani hakula.

Mwezi wa tatu, wakiwa wanafunga mlango wa nyumba, mkewe alimshika mkono wa shati. "Leo usisalimie mtu, mume wangu. Nakuomba."

Hakusalimia. Mlango ulipofunguliwa, mtu wa miaka sitini na minane alitanguliza kiwiko akasukuma. Mbele yake alikuwepo bibi mmoja mwenye fimbo, mkongwe kuliko yeye, akayumba na kushikilia ukuta. "Taratibu, baba," bibi alisema. Karani alimsikia vizuri sana. Akampita, akanyoosha mkono juu ya mabega ya watu, akapewa kadi namba kumi na moja. Alishangaa ilivyokuwa rahisi. Hakuna aliyemkemea; jamaa mmoja hata alimpiga bega akamwambia, "Safi, mzee." Karani aliona aibu, na hakuthubutu kuangalia kule ukutani.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Aliwasalimia, akawavutia viti wote wawili, akamuuliza mama kama amelala vizuri. Akamulika jicho la kulia, kisha la kushoto. La kushoto akalimulika tena, akazima kurunzi.

"Hili la kulia tutalipigania kwa dawa," alisema. "La kushoto limeshakwenda, mama, na halirudi. Mngekuja miezi miwili iliyopita tungeliwahi. Mlikuwa wapi jamani?"

Karani alivua kofia yake. Mkewe ndiye aliyejibu, bila hasira yoyote, uso wake ukielekea upande ambao daktari hakuwepo.

"Tulikuwa hapo mlangoni kwako, daktari. Tulikuwa tunapisha watu."