Wytske na Kitufe cha Njano Kilichotaka Kuyeyusha Barafu

Saa tatu kasorobo asubuhi, Wytske Terpstra anainama mbele ya kiti cha kwanza, anauvuta mkanda kwa nguvu zake zote, kisha anahamia kiti cha pili. Nje, mvua ya vuli inapiga paa. Ndani ya ukumbi kuna baridi, maana mashine za upepo zimeanza kujaribiwa.

"Mkanda ukilegea, mtu anarushwa hadi enzi za Waviking na harudi," anasema bila kugeuka. "Halafu mimi ndiye nitakayeulizwa na mkewe."

Wytske ana miaka hamsini na minane. Ni mwendesha mtambo wa Safari ya Wakati, sinema ya viti vinavyotikisika katika bustani ya burudani ya Tiidlân, nje kidogo ya mji wa Sneek, mkoani Friesland. Analipwa euro kumi na tano kwa saa, na kazi ni ya msimu. Bustani ikifungwa Novemba, yeye hupiga deki kwenye nyumba ya wazee hadi Machi.

"Mgongo unalalamika, lakini tumbo linashukuru," anasema.

Milango inafunguliwa. Wageni wanaingia na makoti yao yaliyolowa, watoto wanagombea viti vya mbele, taa zinazimwa. Viti vinaruka. Kwanza wanakuja dinosaria, na ukumbi mzima unanuka matope. Kisha Waviking na mashoka yao. Mwisho, upepo mkali wa baridi unawapiga watu usoni, na mbele yao unafunguka mfereji ulioganda, mweupe, umejaa watu wanaoteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma.

Hapo watoto hutulia kidogo. Wazee ndio husogea mbele kwenye viti.

Sababu wanaijua wote wa huku. Barafu ile si ya kuchorwa. Ilipigwa picha Januari 1997, siku chache tu baada ya mbio za Miji Kumi na Moja, zile za kuteleza barafuni kutoka mji hadi mji, na tangu mwaka ule mifereji haijaganda tena kiasi cha kuzifanya mbio hizo. Wapiga picha walifika kijijini kwa kina Wytske, Aldewier, wakaomba watu wavae nguo za babu zao na waingie barafuni. Kijiji kizima kiliingia.

"Tuliahidiwa supu ya njegere, na tulipewa," anakumbuka. "Kwa supu ile hata mchungaji angevaa sketi."

Kwa hiyo mtu wa Aldewier akiingia kwenye sinema hii, haendi kuwaona watu wa kale. Anakwenda kumwona mama yake. Anakwenda kumwona mwalimu wake wa darasa la pili, au yule jirani aliyekuwa na mbwa mwenye jicho moja.

Wytske anakwenda kumwona Durk.

Durk alikuwa mumewe na baba wa binti yake, fundi wa mashua. Katika sinema anatokea upande wa kushoto, kipande cha mkate wa sukari mdomoni, anateleza kwa madaha kama mwenye mfereji. Anafika pale lilipotandikwa zulia ili watelezaji wapite nchi kavu, anajikwaa, anakaa chini kwa makalio puu! Anacheka. Mkate hautoki mdomoni.

Moyo ulimsimama Durk ghafla miaka tisa iliyopita, akiwa kazini. Wakati huo Wytske alikuwa akikaanga viazi kwenye mgahawa wa bustani. Baada ya mazishi aliomba ahamishiwe kwenye sinema.

"Wenzangu walidhani nimerukwa na akili. Nani anataka kumwona marehemu kila baada ya robo saa?" anasema. "Mimi nilitaka. Siku nikiwa na hasira zangu namtukana kabisa. Inuka, we mzembe, watu wanakutazama! Siku nyingine namtazama tu. Nampenda yule mtu. Sijui nikwambie nini zaidi."

Basi kiangazi kilichopita ndipo habari mbaya zilipoingia. Marloes van Loon, meneja mpya aliyetoka Utrecht, aliwakusanya wafanyakazi akawaambia ukweli bila kuzunguka. Picha za sinema zimechakaa, na vipuri vya projekta vinasakwa kama dhahabu. Fedha zilizopo zinatosha jambo moja tu: ama kuisafisha filamu ile, ama kununua mpya iliyotengenezwa kwa kompyuta, yenye safari ya miaka elfu mbili ijayo.

Wageni ndio wangeamua. Wiki ya likizo ya vuli, mlangoni pa kutokea, vingewekwa vitufe vitatu vyenye nyuso: cha kijani kinachocheka, cha njano kilichonyoosha mdomo, na chekundu kilichonuna.

Wytske hakungoja. Jioni ileile alipanda baiskeli akapita Aldewier nyumba kwa nyumba. Aliwaambia, jamani, wanataka kutuzimia barafu yetu. Njooni mtazame, na mkitoka bonyezeni mnavyoona moyoni.

Wiki ya likizo ilipofika, wakaja. Walikuja na fimbo zao, na vigari vyao vya kusukuma, na mikate ndani ya mikoba. Taa zilipowashwa mwanamke mmoja alifuta macho kwa kitambaa, na alipoulizwa na Wytske akajibu ni huo upepo wenu. Halafu wakapanga foleni kwa adabu, wakabonyeza.

Ijumaa, Marloes alimwita Wytske mgahawani, akamsogezea kahawa.

"Wytske, pole sana," alimwambia. "Wageni wa mbali wameipenda kiasi. Watoto wa Kijerumani wanawasifu sana Waviking. Lakini watu wako wenyewe, wa vijiji vya hapa, ni njano tupu. Kutwa nzima njano. Sina cha kumpelekea mkurugenzi."

Wytske alirudi kwenye chumba cha mitambo akafunga mlango.

"Nililia kwa hasira," anasema. "Niliwachukia wote, mpaka shangazi yangu. Nikasema kumbe nimewaleta wenyewe kwa mikono yangu waje wamzike Durk mara ya pili."

Jumamosi alikuja tena Mzee Reinder Wiersma, mfugaji mstaafu mwenye miaka themanini na moja. Alikuwa amekuja karibu kila siku ya wiki ile. Marloes alikuwa amesimama mlangoni alipomwona mzee akitoka, akivaa kofia yake, na kubonyeza njano kwa kidole gumba kama anayebonyeza kengele ya nyumba ya mtu mkubwa.

"Samahani, mzee," Marloes alimwambia. "Naona umerudi tena."

"Naam."

"Na umebonyeza njano tena. Naomba uniambie, ni kitu gani hasa kinachokuudhi?"

"Kuniudhi? Nani kakwambia nimeudhika?"

"Si umebonyeza uso wa njano? Ule ni wa kusema si mbaya, basi."

"Ehe. Si mbaya."

"Kwa hiyo hukuipenda."

Mzee Reinder aliivua kofia aliyokuwa ameshaivaa. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kumsikia akiongea maneno mengi hivyo kwa mpigo.

"Sikiliza, binti. Mle ndani nimemwona kaka yangu anapita mbele ya pua yangu. Kaka yangu yuko kaburini huu mwaka wa ishirini. Nimetoka, nimesema si mbaya. Ulitaka nifanye nini, nikate viuno?"

"Sasa hicho cha kijani ni cha nani?"

"Hicho cha watu wa Amsterdam," alisema mzee, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Wytske aliyasikia yote akiwa mlangoni. Anasema alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia, kisha akacheka tena. Maana hakuna Mfrisia asiyejua jambo hili, na yeye alilisahau siku lilipotakiwa. Huku kwao kusifu kwa kelele ni aibu. Mtu akipikiwa chakula kitamu kuliko vyote alivyowahi kula, hupangusa midomo akasema kingeweza kuwa kibaya zaidi.

"Durk aliniposa hivyohivyo," anasema. "Aliniambia, nadhani tungeweza kuelewana. Na mimi nikamjibu, sioni pingamizi. Alipogeuka tu, niliruka kwa furaha!"

Na yeye je, wiki ile alibonyeza kipi? Wytske anajifunika uso kwa viganja.

"Njano," anasema. "Nifanyeje? Meneja alikuwa amesimama palepale. Ningebonyeza kijani angedhani najipendekeza."

Marloes naye hajifichi. Anasema aliketi kwenye benchi, akakumbuka miezi yake minane ya kuishi Friesland. "Mwenye nyumba wangu kila asubuhi huniambia kahawa yangu inanyweka," anasema. "Jamani, mimi nimebadilisha kahawa mara sita!"

Jumapili, siku ya mwisho ya likizo, vitufe viling'olewa. Marloes na Wytske waliweka meza mlangoni, wakachemsha supu ya njegere, na kila aliyetoka aliulizwa swali moja: mle ndani umemwona nani?

Hapo ndimi zikafunguka. Mwanamke kutoka Leeuwarden alimwona bibi yake akigawa machungwa, akamwonyesha binti yake kwa kidole. Kaka wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya shamba walimwona baba yao, wakasimama mezani wakibishana kama koti alilovaa lilikuwa la kaka mkubwa au la mdogo. Waliondoka pamoja, bado wanabishana.

Nizar Kabbani wa hapa Sneek, mwokaji mikate aliyekuja kutoka Aleppo, hakumwona mtu anayemjua. "Lakini nilikaa nikifikiri, ingekuwaje kama mtaa wetu nao ungepigwa picha hivi kabla," alisema. Mzee Reinder alimmegea mkate wake.

Marloes aliyaandika majibu yote akampelekea mkurugenzi, na uamuzi ulitoka mwezi huu. Filamu inabaki. Itasafishwa wakati wa baridi bustani ikiwa imefungwa, na imehakikishiwa misimu mitatu. Baada ya hapo, projekta ikigoma, itabidi watu wakae tena mezani. Wytske analijua hilo vizuri, wala hajidanganyi.

Lakini kuna jambo jingine, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi siku hizi kwa furaha. Baada ya barafu, Safari ya Wakati itakuwa na kituo kipya cha mwisho: Aldewier ya leo. Wapiga picha watakuja Februari. Hakutakuwa na barafu. Kutakuwa na mvua, baiskeli, na watu wa sasa na nguo zao za sasa. Kijiji kizima kimeombwa kijitokeze, na Wytske amejiandikisha wa kwanza.

Ameshanunua koti jekundu. Shangazi yake amelitazama akasema linavalika, na Wytske akatembea nalo siku nzima kichwa juu.

"Mwaka ule wa barafu, mwenye kamera alitukaripia sana," anasema huku akifunga mlango wa ukumbi. "Msitazame huku! Jifanyeni hatupo! Tukatii, na ndiyo maana sinema nzima hakuna hata mmoja anayetutazama. Hata Durk. Nimemtazama miaka tisa, yeye hajanitazama hata mara moja."

Anauvuta mlango kuhakikisha umefunga.

"Sasa watakuja Februari na watatuambia vilevile. Waseme watakavyo. Mimi nitasimama katikati ya daraja na koti langu, nitaitazama kamera moja kwa moja. Binti yangu atakapokuja kukaa mle ndani siku mimi sipo, anione namtazama."