Nimetangaza kifo cha ua la mama mkwe

Jamani, leo nimemwambia mama mkwe ua lake limekufa, tena mbele ya wageni.

Nilikuwa najitapa na kamera yangu kuukuu. Niliifungua mwenyewe nikatoa kichujio cha ndani, sasa inaona infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho: jani lenye afya hutoka jeupe, gonjwa hutoka jeusi.

Barazani kwake, mtaa wa Barani, maua yote yakatoka meupe pe. Lile la mlangoni, jeusi tii!

"Mama, hili limekufa. Pole sana."

Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, hilo ni la plastiki. Kila ukija unalimwagilia maji, nami nakustahi tu."

Mke wangu akakimbilia jikoni kucheka. Kumbe alijua!

Na mbolea nimeshalitia, wallahi.

Wenye wakwe, nyinyi mnafichwa nini?