Mshumaa wa Madereva

Jana, hapa Membley, binti yangu alitaka nimwambie kama gemu mpya ya mashindano ya vigari inashinda zile za utoto wangu. Barabara zake ni pana, rangi zinameremeta, na nilikuwa karibu kukubali stima ilipopotea.

Kwa mawazo nikarudi utotoni, nyumbani kwetu Kiganjo. Mvua ilikuwa ikigonga mabati, maharagwe yakitokota jikoni, na tivii ilizimika nikiwa naongoza kwenye gemu. Nililia, nikiamini madereva wamebaki gizani mle ndani.

"Nyamaza, Shiru, wataona njia," dada yangu Wangari alisema. Aliwasha mshumaa, akausimamisha mbele ya kioo cha tivii, tukawangoja.

"Mami, kwani mshumaa mbele ya tivii ni wa nini?" binti yangu aliniuliza jana, akicheka.

"Ngoja kidogo," nilimwambia. "Wako njiani."