Mashini Iliyomtii Koko

Juzi umeme ulikatika Kamembe nikiwa saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Msichana wa pale akawasha jenereta. Ikanguruma kidogo, ikazima yenyewe, ikakataa kuwaka tena. Mwenye saluni hakuuliza kama mafuta yapo, hakuuliza chochote. Aligeuka polepole akamtazama yule msichana. Basi rafiki yangu, jicho lile nalijua. Nililelewa chini yake, na hata leo mtu akinisalimia mara mbili siku moja, linanijia usoni bila kualikwa.

Lilikuwa jicho la bibi yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita koko. Alikuwa na mashini ya kusaga unga kule Mururu, kwenye mteremko ambao ukisimama unaiona Bukavu ng'ambo ya mto, karibu kabisa. Injini yake ilikuwa ya mazutu, ndivyo tunavyoita dizeli huku kwetu, na koko aliivusha mwenyewe kutoka Kongo familia iliporudi Rwanda. Asubuhi kazi yetu watoto ilikuwa kuanika mihogo, kufukuza kuku na kuchota maji ya kupoza injini. Ikishawaka, kilima kizima kilijua. Tuku-tuku-tuku, mpaka sahani zinatetemeka kabatini, na mama zetu wanateremka na mabeseni kichwani wakiongea kwa sauti kubwa tangu mbali. Mchana tulikula bugali ya unga uliotoka kwenye mashini ungali moto, na sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa. Hadi leo sijala bugali nyingine nikaiita bugali.

Koko alishuku kila mtu. Alimwaga majivu mbele ya mlango wa jikoni ili aone nyayo za asubuhi. Mgeni akisifu mbuzi wetu, mbuzi yule alihamishwa. Usimcheke. Huko tulikotoka aliwahi kupika, akapakua, akawashibisha watu, kisha akawakuta watu hao hao wamevaa vitenge vyake walivyompora. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na koko wetu alikuwa anaona ung'ongo kila mahali.

Aliyeendesha mashini alikuwa mwanamume mrefu kutoka kisiwa cha Nkombo, tuliyemwita mashinisti. Unga ulimkaa kwenye kope. Alikuwa na tabia ya kutega sikio kwenye injini kabla ya kumwaga mahindi, na sisi watoto alitumwagia unga wa moto kiganjani tuulambe. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwa koko na kofia mkononi: "Maman, uliamkaka muzuri?" Koko alijibu, halafu alimsindikiza kwa macho mpaka anaingia kibandani. Nilimpenda mtu yule kuliko wajomba zangu wa damu, na nasema hivyo wakiwa bado hai.

Balaa lilianza kwa maneno. Jirani yetu aliyekuwa akiuza maandazi pale mashinini alileta habari kwamba huko Butare mtu alimwaga sukari ndani ya tangi la mashini ya mwenzake, na injini ikafa moja kwa moja. Nani alimwona? Hakuna. Lakini koko hakumaliza hata andazi lake. Alikata mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu, akaufunika juu ya mfuniko wa tangi la mazutu, akauzungusha na kuuvuta mpaka ukalia, akaukaza kwa kamba na kupiga fundo lake mwenyewe, lile alilotumia kufunga mitungi ya pombe ya ndizi ili ajue ikiguswa. Toka siku hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufungua tangi. Mashinisti aliangalia kazi ile, akaendelea kusaga.

Haukupita muda. Siku ya soko, kibanda kimejaa wateja, mlio wa injini ukaanza kupungua, ukasuasua, ukanyamaza. Mashinisti akashika manivela, chuma cha kuzungushia, akazungusha mpaka shati likalowa. Wapi! Akalegeza bomba linaloleta mazutu kwenye pampu. Yakadondoka matone kidogo, yakakauka.

"Maman, mazutu haifike. Fungua tangi niangalie."

"Nitaangalia miye. Bote inje!"

Tukatoka sote, na mashinisti pia, ili mtu asilisome fundo. Koko akafungua, akachovya kijiti, akakuta mazutu yapo ya kutosha. Akafunga tena, akaita. Mashinisti akatoa hewa kwenye bomba, akazungusha manivela mara moja tu, na mashini ikawaka! Wanawake wakapiga vigelegele. Koko hakupiga. Alisimama pale akimkazia mashinisti macho.

Baadaye ikafa tena. Koko akaja, akatufukuza, akachungulia tangi, akafunga, ikawaka. Kesho yake hivyo hivyo. Koko akienda misa, mashini inakufa na kubaki imekufa, mashinisti anazungusha chuma mpaka mikono inachubuka, na koko akirudi tu na kitenge chake cha kanisani, inawaka. Watu wakaanza kutania kwamba mashini ina adabu, inamtii mwenyewe. Wao walicheka. Yeye alihesabu kuwa ni ushahidi.

"Unaona?" aliniambia akipepeta maharage. "Ikiniona, inawaka. Iko muntu anaizima."

Kwanza alimshuku muuza mazutu. Akatia mazutu kidogo kwenye chupa nyeupe, akaiweka dirishani itulie, maana maji yakichanganywa humo hushuka chini yakajitenga. Tulikatazwa hata kupiga chafya karibu na chupa ile. Hakuna maji yaliyoshuka. Akamshuku jirani wa maandazi, akamhamishia ng'ambo ya barabara, na bado mashini ikafa. Akabaki mmoja, na huyo kila siku alikuwa anaomba jambo lile lile: Maman, fungua tangi, niache nilitazame. Ombi hilo ndilo lililommaliza. Koko alisema kumbe mtu huyu anaizima kwa ujanja ili apewe njia ya kwenye mazutu. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akigeuza macho kibandani.

Alimfukuza mbele ya wateja. Alimwita mwizi, na kwetu kilimani neno hilo likishamkamata mtu hakuna mashini nyingine itakayompokea, wala mtoto wake hatatumwa dukani akaaminiwa. Mashinisti hakubisha. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Maman, mbele ya bantu?" Akanawa mikono taratibu, akachukua koti lake, akateremka kwenda ziwani. Nililia siku ile mpaka nikachapwa, na nikaendelea kulia.

Mashini ikakaa kimya. Mwishowe koko akamleta fundi kutoka Kamembe, mzee Mwislamu mwenye kofia ya kufuma na mkoba wa spana. Koko akakaa juu ya gunia akimchunga kila kidole. Fundi alizungusha manivela, akasikiliza, akasema injini yenyewe haina ugonjwa, imenyimwa chakula. Akafungua chujio, likawa safi. Akalegeza bomba, hakuna kitu kilichotoka, na akaliacha hivyo hivyo limelegea.

"Mama, fungua tangi."

"Toka inje kwanza."

"Mama yangu," fundi akacheka, "mimi nimeitwa kuona. Nikatazame nini nje, migomba?"

Akabaki. Koko akampa mgongo, akafungua fundo lake, akavua ule mpira, akavuta mfuniko. Na tukasikia wote: fsssss! Tangi lilivuta hewa ndefu, na papo hapo mazutu yakabubujika kwenye lile bomba yakamlowesha fundi viatu. Hata hakusogea. Akaomba afungiwe tena vile vile, mpira na kamba na yote, akatoa hewa kwenye bomba na kulikaza, akawasha. Tukangoja. Mlio ukapungua, ukasuasua, ukafa. Koko akafungua mwenyewe, bila kuambiwa. Fsssss.

Fundi akachukua mfuniko, akamwonyesha katundu kadogo katikati, kadogo kuliko tundu la sindano. "Hii ndiyo pua ya tangi. Mazutu ikishuka, lazima hewa iingie ikae mahali pake. Ukiziba, tangi linakataa kuachia. Wewe kila ukifungua kuchungulia, ulikuwa unalipatia tangi pumzi."

Koko alikaa na ule mpira mapajani. "Basi yeye..." akasema.

"Yeye nani?" fundi akauliza, kwani hakujua lolote.

Koko aliogopa ziwa maisha yake yote, lakini tulipanda mtumbwi kwenda Nkombo, mimi nimekumbatia mtungi wa pombe ya ndizi na yeye amening'ang'ania bega hadi likauma. Tulimkuta mashinisti na mke wake wanaanika sambaza. Alisimama, akampa koko kiti cha pekee alichokuwa nacho.

"Ita bantu," koko akamwambia. "Nilikutukanaka mbele ya bantu. Ile fundo ilikuwa ya kwangu. Nilikukosea."

Hakuita mtu. Koko akamimina pombe, akaonja yeye kwanza, kama ilivyo desturi, mwenye pombe anywe ili mgeni ajue haina sumu, kisha akampa. Mashinisti akapokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaiweka chini karibu na mguu wake.

"Nimekusamehe, Maman. Roho yangu iko safi. Lakini kurudia kazi, hapana. Mashini yote inakufaka. Siku ingine itakufa tena, na weye utaniangalia."

Tulirudi na mtungi, na njiani koko hata ziwa hakuliogopa tena, alilitazama tu.

Leo Mururu wanasaga kwa umeme. Unabonyeza kitufe, unga unatoka, hakuna anayetega sikio. Kibanda chetu kimeezuliwa, mihogo haianikwi tena, koko amezikwa juu kule karibu na migomba, na yule mashinisti sikumwona tena, ingawa kila nikishuka Kamembe sokoni na kukuta watu wa Nkombo na beseni za sambaza, nachungulia nyuso zao moja moja.

Nakumbuka tu msimu wa mvua uliofuata. Koko alishapata kijana mwingine wa kuendesha, na tangi halikufungwa tena na kitu. Asubuhi moja, kibanda kimejaa watu, mlio ukapungua ukafa. Wote wakamgeukia koko. Yeye akainuka kwenye gunia, akatoka nje kwenye mvua, akasimama ameupa mlango mgongo, na hakugeuka hata mara moja mpaka mashini ilipowaka.