Breki za Shangazi Senaida

Orlinda ndiye aliyeleta habari, kama kawaida yake, ameegemea uzio na miwani kaipandisha juu ya nywele.

"Umesikia, jirani? Senaida amehamia chini ya gari. Ana mto huko, ana redio, ana chupa ya kahawa. Tangu mumewe Tranquilino afariki akili zimemruka. Huyo hatoki tena, nakwambia."

Marlena aliendelea kuanika nguo za mwanawe Elías. Alikuwa ameshajionea mwenyewe kupitia dirisha la jikoni: miguu miwili yenye soksi za maua imechomoza chini ya lile gari refu la rangi ya zabibu, na kisigino kimoja kinapiga mdundo kufuata redio. Mtu aliyerukwa na akili, aliwaza, hapigi mdundo sawasawa hivyo.

Mchana alivuka na mtoto kiunoni, mkononi sahani ya maharage na pilipili za kuchoma.

"Shangazi, u hai?"

"Mimi hai, mgongo ndio umetangulia mbele ya haki. Weka sahani juu ya tairi, mwanangu, halafu nisogezee hiyo spana."

Mtaa mzima ulimwita shangazi. Nusu ya watu wazima wa bonde lile la Española aliwabeba kwenye basi la shule wakiwa wadogo, na mpaka leo akimkazia mtu macho, mtu hukaa chini. Lile gari lilikuwa la mumewe. Tranquilino alilishusha mpaka paka apite chini yake kwa kujikunyata, akalipaka rangi kwa mikono yake, akanunua na ekzosi mbili za kung'aa za kutolea moshi, moja ya kila upande. Zikaning'inia ukutani. Kisha moyo wake ukasimama ghafla, na ekzosi zikabaki pale pale.

Ndipo Belarmino, mdogo wa marehemu na mkuu wa kundi la wenye magari yaliyoshushwa, akaja na kofia yake pana.

"Shemeji, gari la kaka yangu haliozei uani. Jumapili ya Pasaka lisipopita barabara ya Riverside na wenzake, nalivuta kwangu."

"Likipita?"

"Likipita, sitaligusa mpaka nife. Ila likaguliwe na mimi mwenyewe. Breki zisizoaminika haziingii kwenye msafara wangu, kuna watoto barabarani."

Senaida akakubali kwa hasira. Kila mtu alilijua banda la Belarmino. Magari yaliingia humo yakafunikwa turubai, na hakuna aliyewahi kuyaona yakitoka.

Kabla ya Pasaka alitaka kuzifunga zile ekzosi alizoziacha mumewe, na kazi hiyo ilikuwa na fundo moja. Pale ilipotaka kupita ekzosi ya kushoto, palikuwa na mwenyeji tayari: bomba la breki, jembamba kama mrija wa soda, linalotambaa kwenye chasisi kutoka mbele hadi magurudumu ya nyuma. Senaida akalitoa la zamani, akalikunja jipya taratibu juu ya goti lake, akalipitisha sambamba na ekzosi, akiacha upenyo wa kuingiza vidole viwili. Akalijaribu gari kwenye barabara ya Taos kwa mwendo wa haraka, shali ikipepea. Breki zilikamata kama mkono wa mkwe.

Alhamisi Kuu Belarmino akaja kukagua. Wakatoka polepole, Senaida akiendesha, kama msafara unavyokwenda, mwendo wa kumwezesha mtu aliye kando ya barabara kukusalimu, kukuulizia mama yako, na kupata jibu. Walitambaa hivyo mchana kutwa juani, kwenda na kurudi. Marlena alikuwa kibarazani akimnyonyesha Elías walipokata kona ya kurudi nyumbani. Akaliona gari halipunguzi mwendo. Akamsikia Senaida akitaja watakatifu, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa jumla. Hendibreki ikavutwa, na gari likaenda kulibusu pipa la taka la Orlinda, pwaa, maganda ya mayai yakamwagika juu ya boneti.

"Pipa langu!" Orlinda alipiga kelele, ingawa uso ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

Belarmino alishuka akijipangusa suruali. "Pedali imezama mpaka sakafuni, shemeji. Wewe endesha mabasi. Jumapili asubuhi nakuja na kamba."

"Kumeingia upepo kwenye bomba, hilo tu! Nitautoa!"

Lakini kengele ya misa ilikuwa inalia, na kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu. Bondeni kwao Ijumaa Kuu mtu hashiki nyundo wala spana. Chuma hakigusi chuma siku Bwana alipopigiliwa misumari. Senaida, ambaye hakuwahi kuvunja mwiko huo, alishinda amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya gari, mikono mapajani, kama mtu anayelinda maiti.

Marlena alimhurumia. Akaja na bakuli la uji mtamu wa ngano, akaingia garini na mtoto akae kivulini. Elías alipenda usukani. Mama yake alipokuwa akimwinua ili aushike, mguu wake ukakanyaga pedali ya breki bila kukusudia. Akaondoa mguu. Akakanyaga tena, sasa kwa makusudi.

"Shangazi. Hii mbona ngumu?"

"Ngumu vipi?"

"Ngumu. Haizami hata kidogo. Umeigusa?"

"Leo? Unanionaje wewe, mpagani?"

"Basi imepona yenyewe." Marlena alisita, maana hakuwa mtu wa kuwafundisha wengine. "Upepo ukiingia hutoka wenyewe? Maana mimi naona kama maziwa. Yakichemka yanafura yanajaa sufuria, ukiyaepua yanashuka, kana kwamba hakuna lililotokea."

Senaida aliinuka kitini. Akalizunguka gari, akainama kuchungulia chini kadiri mgongo ulivyoruhusu, akakaa hivyo muda mrefu. Aliposimama alikuwa anacheka, anajipiga paji la uso.

"Vidole viwili! Mjinga mimi! Barabara ya Taos upepo ulikuwa unapuliza chini, bomba linapoa. Lakini sisi tunatambaa, mwanangu! Sisi watu wa kutambaa! Ekzosi inakaa inaliunguza bomba mchana kutwa, mafuta ya breki yanachemka humo ndani, yanageuka mvuke, pedali inakanyaga mvuke. Ningelifungua bomba jana nikatoa upepo, mafuta yangekuwa yamepoa, pedali ingekuwa ngumu, ningejisifu nimetengeneza. Na Jumapili ningewagonga watu."

Akamtazama Elías, akajifanyia ishara ya msalaba.

Jumamosi jogoo alimkuta chini ya gari. Safari hii bomba lilipita upande wa pili wa chasisi, kile chuma kinene kikae katikati kama ukuta kati ya wagomvi. Marlena alishika taa na kuuliza kwa nini lisipite chini kabisa, ambako ni wazi na kazi ni nyepesi.

"Kwa gari la padre, sawa. Hili likivuka tuta la kwanza tu linaliacha bomba barabarani. Juu, mwanangu. Juu na mbali na moto."

Kisha ikaja kazi ya kutoa upepo, ambayo haifanywi na mtu mmoja. Senaida akawa gurudumuni, Marlena akawa kwenye pedali, na Elías kwenye kikapu cha nguo akitafuna kijiko.

"Kanyaga! Shikilia. Shikilia! Achia. Kanyaga!"

"Shangazi, mguu unakufa ganzi."

"Umezaa wewe, mguu tu unakushinda? Kanyaga!"

Walirudia gurudumu baada ya gurudumu, mpaka Marlena akaijua ile pedali kama anavyojua kilio cha mwanawe, kipi cha njaa na kipi cha usingizi.

Belarmino alipoitwa alitaka kukagua kwa saa nzima. Senaida akamwambia azidishe, na mchana wote wakatambaa juani. Waliporudi kona ile ile, gari lilisimama kimya mbele ya pipa jipya la Orlinda, pasipo kuligusa. Belarmino alitoka, akalala chini na suruali yake safi, akachungulia. Alipoinuka hakuwa na neno la kejeli.

"Bomba umelificha vizuri, shemeji. Kesho utasimama wa tatu kwenye mstari, nyuma yangu." Akakohoa. "Kaka angefurahi."

Alipoondoka, Orlinda alibaki uzioni akingoja jambo la kusimulia, akachoka, akaingia ndani. Senaida alikuwa akiipangusa boneti kwa kitambaa, mahali pamoja tu.

"Marlena, nikuombe kitu?"

"Niombe, shangazi."

"Pasaka ya kila mwaka nimekaa humu ndani, kando ya Tranquilino. Barabara nzima inalitazama gari letu, mimi natazama kisogo cha aliye mbele. Sijawahi kuliona likipita. Mguu wako ndio unaoijua hiyo breki sasa. Kesho nipe mtoto nimpakate kando ya barabara, nawe uniendeshee. Pole pole, mwanangu, nilione vizuri."